MREJESHO: Wale ningu wa Mto Mara

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa tatu niliuliza hapa tuwafanyeje wanaoziba mto kwa timba (nyavu za uzi mmoja wa plastiki) kila masika yakianza, wakati ndiyo ningu, wale samaki wa Ziwa Victoria, wanatoka ziwani kupanda mto kutaga. Wengi mlisema niende polisi. Mmoja akasema nianze na wazee na BMU (kile kikundi cha wanakijiji wanaosimamia uvuvi wa mwalo). Nilimsikiliza huyo.

Kikao cha kwanza kilikuwa kelele tupu. Vijana wanadai ningu ni hadithi za wazee, wao wamezoea sato na sangara. Basi mzee mmoja akamleta jike aliyenaswa asubuhi ile, akampasua mbele yetu kwa kisu cha jikoni. Tumbo zima mayai, yamebanana kama uwele. Akauliza, "Hawa wote mmewala kwa shilingi ngapi?" Kimya.

Akatukumbusha kwamba uhaba huu ulianza miaka ya 1950, makila (nyavu za kutega zinazonasa samaki) yalipotegwa kwa wingi midomoni mwa mito: samaki anakamatwa kabla hajataga, mwaka baada ya mwaka.

Tulikubaliana: mvua zikianza, hakuna wavu mdomoni mwa mto, na doria ya usiku kwa zamu. Doria ya tatu tukavuta timba, mwenyewe ni baba yangu mdogo (mniombee, hatusalimiani mpaka leo). Wavu ulichomwa.

Ningu wameongezeka? Msimu mmoja hauwezi kusema. Ila juzi, maji yalipofurika majanini, tuliwaona wakirukaruka kwenye nyasi. Mwanangu akauliza ni samaki gani.