Naomba ushauri: niwatoe Curry, Durant na Harden ili nipate nafasi za kuchagua chipukizi?

Mwana wa Upanga

Wakuu, habari za majukumu. Nina jambo ambalo ningependa kusikia maoni ya watu walioifuatilia NBA kwa muda mrefu kabla sijafanya uamuzi usioweza kutenguliwa.

Mimi na wenzangu tisa tunaendesha ligi ya fantasi ya mpira wa kikapu, yaani mchezo wa kumiliki wachezaji halisi wa NBA na kushindana kwa takwimu zao, ambayo kila mtu hubaki na wachezaji wake msimu hadi msimu. Kila mwaka, baada ya drafti ya NBA, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, tunagawana chipukizi wapya kwa utaratibu unaofanana na wa kule: waliofanya vibaya ndio wanaotangulia kuchagua, na nafasi za juu kabisa hupatikana kwa bahati nasibu. Kanuni zetu zinaruhusu kuuza nafasi za kuchagua hadi miaka mitatu mbele. Timu yangu niliirithi kwa rafiki aliyejitoa, na nguzo zake ni Stephen Curry, Kevin Durant na James Harden, wote watatu wakiwa wamezaliwa kati ya 1988 na 1989. Bado wanafunga vizuri, ndiyo maana timu haianguki. Lakini haipandi pia. Tunamaliza katikati ya msimamo, mahali ambapo mtu hapati kombe wala hapati chipukizi wa maana.

Tunapoelekea msimu wa 2025/26 nimeletewa ofa mbili. Bingwa wetu, mwenye Shai Gilgeous-Alexander na Anthony Edwards, anamtaka Curry na yuko tayari kunipa nafasi zake za raundi ya kwanza za 2026 na 2027. Mwingine, mwenye kikosi kilichozeeka kama changu, akiwa na LeBron James na Jimmy Butler, anaamini kwamba akimpata Durant atachukua kombe msimu huu. Ananipa nafasi yake ya raundi ya kwanza ya 2026, na amedokeza kuwa anaweza kuongeza ya 2028. Harden hajaulizwa na mtu yeyote.

Je, niwatoe wote na kuanza upya, nimtoe mmoja, au nikae nao mpaka wastaafu?

Kocha Mstaafu

Kijana wangu, watu wengi wakipewa ofa za namna hii huhesabu idadi ya nafasi, wala hawaulizi ni nafasi za nani na za mwaka gani. Mwaka 2013 Boston Celtics waliwapelekea Brooklyn Nets Kevin Garnett aliyekuwa na miaka 37 na Paul Pierce aliyekuwa na miaka 35, pamoja na Jason Terry, wakapewa nafasi za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, na juu yake haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2017. Sasa angalia kila moja ilizaa nini. Ile ya 2014 iliangukia namba 17, kwa kuwa wazee wale bado walikuwa na pumzi na Brooklyn walishinda michezo 44. Boston wakamchagua James Young, ambaye hakudumu katika ligi. Kufikia 2016 Pierce na Garnett walikuwa wamekwishaondoka, Brooklyn walikuwa wameshinda michezo 21 tu, na nafasi yao ikawa namba 3, ambayo ndiyo iliyomleta Jaylen Brown. Mwaka uliofuata ikawa namba 1, na Danny Ainge, aliyekuwa akiiongoza Boston katika usajili, akawaachia Philadelphia, akashuka hadi namba 3 huku akiongezewa nafasi nyingine ya baadaye, kisha akamchukua Jayson Tatum aliyekuwa akimtaka tangu mwanzo. Ya 2018 ilitumika kumpata Kyrie Irving kutoka Cleveland. Brown na Tatum ndio waliobeba ubingwa wa Boston wa 2024.

Ukiipima ofa ya bingwa wako kwa mfano huo, utaona kwamba anakupa nafasi ya mwisho katika kila raundi, kwa sababu mtu mwenye Gilgeous-Alexander na Edwards, ambao bado ni vijana, hatashuka mwaka 2026 wala 2027. Huyo wa pili ndiye Brooklyn wako. Nafasi yake ya 2026 itakuwa hafifu, kwani Durant mwenyewe atamsaidia kushinda. Ya 2028, wakati LeBron, Butler na Durant hawatakuwa na la kumpa, ndiyo yenye thamani. Usikubali ya 2026 peke yake hata akikubembeleza, na ukipewa ya 2028 hakikisha haina kinga ya aina yoyote, yaani sharti la yeye kubaki nayo ikiangukia juu.

Binti Kilwa

Shikamoo Kocha. Nakubaliana nawe kuhusu kuangalia ni nafasi ya nani, ila naomba muuliza swali asidhani kwamba nafasi ya juu ni sawa na mchezaji mzuri aliyekwisha kuwa mkononi. Sisi Watanzania hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies mwaka 2009, na nilifurahi siku ile kama alivyofurahi kila mpenda kikapu nchini. Namba 3 alikuwa Harden, na namba 7 alikuwa Curry. Yaani wawili kati ya hao watatu unaotaka kuwatoa walichaguliwa nyuma yake. Kufikia Februari 2011 Memphis walikuwa wamempeleka Houston katika mabadilishano yaliyowaletea Shane Battier. Thabeet namheshimu mpaka leo. Ninachosema ni kwamba hata watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wenye maskauti na madaktari, walikuwa na namba 2 mkononi na wakawaacha wote wawili.

Halafu kuna bahati nasibu yenyewe. Tangu 2019 timu tatu za mwisho katika NBA zina nafasi sawa ya asilimia 14 ya kupata namba 1, na timu iliyoshika mkia inaweza kushuka hadi namba 5. Detroit Pistons walishika mkia mwaka 2023 wakapata namba 5. Mwaka uliofuata, msimu waliopoteza michezo 28 mfululizo, wakashika mkia tena na wakapata namba 5 tena. Mwaka 2025 yakawakuta Utah Jazz, walioshinda michezo 17 tu baada ya kuwauza Rudy Gobert na Donovan Mitchell mwaka 2022 kwa rundo la nafasi. Namba 1, aliyekuwa Cooper Flagg, ilikwenda kwa Dallas Mavericks waliokuwa na uwezekano wa asilimia 1.8. Ndugu yangu, kama ligi yenu inaiga utaratibu huo, jiulize kama una moyo wa kushindwa msimu mzima kisha ukapewa namba 5. Na mimi naona pia kwamba kushindwa kwa makusudi kunawaharibia wenzako tisa ligi yao, jambo ambalo kati ya marafiki lina uzito kuliko hata kwenye NBA, ambako Utah walitozwa faini ya dola 100,000 Machi 2025 kwa kutomchezesha Lauri Markkanen ipasavyo.

Mwana wa Nyiragongo

Salamu kutoka Goma. Naomba niongeze upande ambao haujaguswa, yaani wale wanaotaka kubaki na mkongwe na kulea chipukizi kwa wakati mmoja. Hapa kwetu tulilifuatilia kwa karibu kwa sababu ya Jonathan Kuminga, mzaliwa wa mji huu. Golden State walimchagua namba 7 mwaka 2021 kwa nafasi waliyoipata kutoka Minnesota mwaka 2020, walipowapa D'Angelo Russell na kumchukua Andrew Wiggins. Mwaka mmoja kabla ya Kuminga walikuwa wamemchagua James Wiseman namba 2, na LaMelo Ball akafuata namba 3. Mpango ulikuwa Curry ashinde leo na vijana washinde kesho.

Kombe la 2022 lilipatikana, lakini waliolileta ni Curry, Klay Thompson, Draymond Green na Wiggins, na vijana walikaa benchi sehemu kubwa ya mtoano. Wiseman aliondoka Februari 2023. Kuminga kila msimu alikuwa akiingia na kutoka kikosini, maana timu inayowania ubingwa haina subira ya kumwacha kijana akosee mbele ya mashabiki, na kijana asiyekosea uwanjani hajifunzi. Tulioamka alfajiri kumtazama tuliliona hilo mara nyingi: anapoteza mpira mmoja, kocha anamwita nje.

Katika fantasi hali ni nafuu kidogo, kwa kuwa chipukizi wako anacheza kwenye timu yake ya NBA na hawanyimi wakongwe wako dakika. Hata hivyo nafasi za kikosi zina kikomo, kwa hiyo ukichukua njia ya katikati, chagua tangu mwanzo ni upande upi utakaoumia. Mimi ningebaki na Curry. Kwa mitupo yake ya pointi 3 na ya adhabu, kategoria mbili za takwimu zinakuwa zako karibu kila wiki, na ofa ya bingwa haikulipi thamani hiyo.

Nahodha wa Mombasa

Wenzangu wamesema mengi ya maana, lakini kuna swali ambalo hakuna aliyemuuliza huyu ndugu, nami naona ndilo linaloamua kila kitu. Nafasi yako mwenyewe ya raundi ya kwanza ya 2026 iko mkononi mwako? Umesema timu uliirithi. Ukiwatoa wakongwe utashuka kwenye msimamo, na faida kubwa ya kushuka ni nafasi yako mwenyewe, ambayo inapanda bila ya kununuliwa. Kama aliyekutangulia aliiuza, utakuwa unateseka kwa faida ya mwingine.

Mwana wa Upanga

Shikamoo Kocha, na asanteni nyote. Nahodha, nimekwenda kuangalia kumbukumbu za ligi baada ya kusoma swali lako. Ni kweli iliuzwa. Rafiki yangu alitoa nafasi ya 2026 ili kumpata Harden, na sasa inashikiliwa na mwenzetu mmoja anayemaliza nafasi ya tatu au ya nne kila mwaka. Ya 2027 na ya 2028 bado ni zangu.

Nahodha wa Mombasa

Basi hali yako inafanana na ya Brooklyn wa 2024 kuliko ya Boston wa 2013. Brooklyn walikuwa wamewapa Houston nafasi zao nyingi mwaka 2021 ili kumpata Harden huyo huyo, na kwa sababu hiyo kila walipofikiria kujenga upya walikuta kwamba kushindwa kwao kungewanufaisha Houston. Walipoamua Juni 2024 kumuuza Mikal Bridges kwa New York Knicks kwa nafasi tano za raundi ya kwanza, walifanya jambo la pili wakati huo huo: walirudisha udhibiti wa nafasi zao wenyewe za 2025 na 2026 kutoka Houston, wakalipa kwa nafasi za Phoenix walizozipata walipomuuza Durant mwaka 2023. Wangemtangaza Bridges kwanza na kuwafuata Houston wiki kadhaa baadaye, Houston wangejua kwamba timu inabomolewa na wangedai mara mbili.

Fanya hivyo hivyo kwa utaratibu huo. Aliyeshika nafasi yako ya 2026 anadhani ni ya katikati, kwa sababu mpaka sasa wewe ni timu ya katikati. Yeye yuko karibu na kombe na anaweza kumhitaji Harden, ambaye bado anatoa pasi nyingi za mabao. Mpe Harden, urudishiwe nafasi yako, kabla mtu yeyote hajasikia habari ya Durant. Drafti ya 2026 inasifiwa sana, kuna AJ Dybantsa, Darryn Peterson na Cameron Boozer, kwa hiyo kila siku inayopita mwenye nafasi hiyo atazidi kuing'ang'ania.

Kocha Mstaafu

Nahodha amenena vyema, nami nabadilisha ushauri wangu kwa sehemu: mazungumzo ya Durant yasubiri mpaka la Harden liishe. Nakuongezea moja kuhusu subira. Oklahoma City walipompokea Chris Paul mwaka 2019 katika mabadilishano ya Russell Westbrook, wengi waliamini kwamba mkataba wake ulikuwa mzigo na wangemsukuma aondoke mara moja. Sam Presti, meneja mkuu wao, alimwacha acheze msimu mzima, timu ikashinda michezo 44 na kuwafikisha Houston mchezo wa saba katika mtoano, na Novemba 2020 Phoenix wakamnunua kwa wachezaji na nafasi ya raundi ya kwanza. Mkongwe anayecheza vizuri bei yake hupanda inapokaribia tarehe ya mwisho ya mabadilishano, kwa sababu wanaowania kombe huanza kuona pengo lao. Ubaya ni majeraha, na kwa umri wa hawa watatu hilo si dogo, hivyo sikushauri uwashikilie wote hadi Februari.

Mwana wa Upanga

Nimeelewa. Leo jioni nitamwandikia mwenye nafasi yangu ya 2026 nimpe Harden, na sitataja jina la Durant popote, hata katika kundi letu. Akikubali, nitarudi kwa yule mwenye LeBron na kumwomba nafasi zake za 2027 na 2028 bila kinga, nimwachie ya 2026 anayoitoa kwa urahisi. Curry nitabaki naye kwa sasa. Nina swali moja tu lililobaki: mwenye nafasi yangu akimkataa Harden, niongeze nini?

Nahodha wa Mombasa

Ongeza nafasi ya raundi ya pili, au mchezaji wa benchi anayemhitaji, na usizidi hapo. Usiguse nafasi zako za 2027 na 2028 kwa sababu ndizo zitakazokulinda bahati nasibu ikikuangusha. Akikataa kabisa, msimu huu usiuze mtu. Cheza na wote watatu, shinda kadiri unavyoweza ili nafasi aliyoishika ishuke hadi mwisho wa raundi, kisha fungua mazungumzo ya Durant baada ya drafti ya 2026, wakati kushuka kwako hakutamnufaisha mwingine.