Waliopanda Longonot na kuingia mapango ya Suswa, tupeane uzoefu (magoti yangu bado yananidai)

Mluguru_Ugenini
Wakuu, habari za jioni. Niko Nairobi kikazi, mwaka wa pili sasa. Jumamosi wenzangu wa ofisini walinialika Mlima Longonot. Mimi mtoto wa Morogoro, nimekua nikiokota kuni huko juu Morningside, basi nikawaambia mbele ya watu: hicho kichuguu chenu nakipanda na ndala.

Jamani. Kutoka getini hadi ukingo wa kreta, lile shimo la volkano huko juu, ni kilomita 3 na ushee, hizo nilizimaliza mdomo ukiwa bado unafanya kazi. Balaa lilianza waliposema "haya, tuzunguke". Mzunguko ni kilomita 7.2. Njia ni vumbi la volkano, laini kama unga wa muhogo, unapiga hatua mbili unarudi moja. Ukikaribia Kilele Ngamia, ndiyo juu kabisa, mita 2,776, kuna sehemu ukingo umekuwa mwembamba: kushoto unachungulia msitu ulio ndani ya kreta, miti mizima inaonekana kama tuta la sukuma wiki, kulia ni mteremko unaoelekea Naivasha. Upepo ukapiga. Nikachuchumaa. Halafu nikatambaa. Watoto wa shule ya msingi wakanipita wanaimba, mmoja akageuka akasema, "Pole babu." Nina miaka 34.

Nilivaa raba zilizoisha soli. Ukucha wa dole gumba umeshakuwa mweusi. Sasa watu wale wale wamepanga Mlima Suswa mwezi ujao, wanasema kuna mapango. Waliofika watujuze: viatu gani vinafaa, na mle ndani kuna nini?

Kiatu_Kimoja
Umenitonesha kidonda. Mimi soli ilibanduka pale pale karibu na kilele. Nimeshuka nimeifunga kwa waya wa chaja. Jina langu humu sasa mmelielewa.

Wa_Rongai
Mluguru mlizunguka kwa mkono wa kulia, ndiyo maana mwinuko mkali uliwapata mapema. Nendeni kushoto, mwili uzoee kwanza.

Kamba_na_Fimbo
Usimpotoshe mwenzio. Kulia ndiko kwenyewe, kilele unakimaliza ukiwa bado na nguvu. Ukienda kushoto unakifikia jua la saa saba likiwa utosini na maji yameisha.

Wa_Rongai
Nimepanda mara kumi na moja.

Kamba_na_Fimbo
Na mara zote kumi na moja umekosea.

Chuga_Boy
Yaani watu wazima mnalilia Longonot? Njooni Arusha mpande Meru, zaidi ya mita 4,500. Unatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Unalala kambi ya Miriakamba, kesho yake kambi ya Saddle, saa nane usiku unaamshwa kwenda kileleni. Ukipita Rhino Point kuna mwamba unaupita kwa kushika mnyororo, gizani, na barafu imegandia kwenye jiwe. Mimi niliona bora giza. Wakati wa kurudi kulishakucha, nikaona nilipokuwa nimepita usiku. Nilikaa chini dakika ishirini nakataa kupita tena. Mwongozaji akaniuliza kistaarabu, "Kaka, sasa utaishi hapa?"

Wa_Rongai
Uzi ni wa Longonot na Suswa. Meru fungua wako.

Chuga_Boy
Ukweli unauma.

Mama_Pacha
Suswa. Mie hilo jina likitajwa nywele zanisimama.

Tulikwenda watu tisa, mie nikiwa na mchumba wangu wakati huo. Mipango ilikuwa tuingie mapangoni saa nane, lakini gari lilipata pancha mara mbili baada ya kuacha lami, tukafika jua limeshalala. Kijana wa Kimasai aliyetuongoza akatwambia, mapango tuyawache mpaka kesho asubuhi. Sisi tukamshika shingo: kesho watu wana kazi, tumetoka mbali, dakika kumi tu. Akanyamaza, kisha akasema, "Sawa, lakini nikisema tutoke, tunatoka."

Mwashuka pale paanguka dari, mawe makubwa makubwa yamerundikana, kisha mwaingia kwenye bomba la mwamba. Ndani kuna harufu ya kinyesi cha popo inayochoma macho kama umekata vitunguu gunia zima. Kuna mahali mawe yang'ara, laini, yateleza, nikayapapasa nikidhani ni maji. Kijana akatwambia hapo ndipo nyani wanapokaa usiku, vizazi na vizazi, makalio yao ndiyo yaliyoyapiga msasa yale mawe. Tukacheka sana. Mchumba wangu alikuwa wa mwisho kwenye msururu, amejitolea mwenyewe: "Nyinyi nendeni, mie nawalinda nyuma."

Tukasikia "Wahoo!" Moja. Kisha nyingine, na hii ya pili yatoka pale pale tulipoingilia. Wenye nyumba wamerudi.

Kijana akasema zimeni taa zote, kaeni chini, msikimbie, msiwaangalie machoni. Kiza kile si kiza cha kukatika stima. Nilijishika pua nihakikishe ipo. Twawasikia wanaingia, kokoto zaporomoka, watoto wao walia, dume moja labweka na sauti yazunguka kwenye kuta mpaka hujui liko mbele au nyuma. Nikanyoosha mkono nyuma nimshike mchumba. Nikashika hewa. Nikasogea, nikashika hewa tena. Nikajua kashaliwa. Nikaanza kumsomea Yasini kimoyomoyo.

Tulikaa mle karibu saa nzima. Kijana akatutoa kwa njia nyingine, kwenye tundu la pili, tumeshikana begi kwa begi, twapanda mawe kwa magoti na mizizi ya mti. Nimetoka vidole vyavuja damu, nalia, nawaza nitamwambia nini mamake.

Tukafika kwenye gari. Yumo ndani. Amejifungia milango yote, anakula viazi karai. Vile nilivyovikaanga mie mwenyewe alfajiri.

Kiatu_Kimoja
😭😭😭 VIAZI KARAI

Chuga_Boy
Nafuta maneno yangu yote kuhusu Meru.

Njoki_wa_Limuru
Wueh! Na ukwaju je, aliumaliza wote?

Mtetezi_wa_Haki
Tusihukumu upande mmoja. Huenda jamaa alitoka kwenda kutafuta msaada.

Njoki_wa_Limuru
Msaada ulikuwa kwenye sufuria?

Kamba_na_Fimbo
Mtetezi, wewe ndiye yeye, sivyo?

Mtetezi_wa_Haki
Nasema tu mtu anaweza kushtuka. Tena kitaalamu aliyetoka mapema alipunguza idadi ya watu mle ndani.

Daktari_wa_Mtaani
Wakati mnacheka viazi, mjue kuna jambo zito kwenye mapango. Pango la Kitum, Mlima Elgon, wageni wawili waliingia, mmoja 1980 na mwingine 1987, wote wakapata Marburg, homa ya kirusi inayofanana na Ebola, na wakafa. Popo si wa kuchezea. Mimi pango siingii hata kwa kulipwa.

Mzaliwa_Suswa
Daktari usiwatishe watu wasije kwetu. Elgon ni mbali, na popo waliokutwa na hicho kirusi kule ni wale wakubwa wanaokula matunda. Hawa wetu wanaojulikana ni wa kula wadudu.

Daktari_wa_Mtaani
Sawa, lakini kuna ukungu unaoota kwenye kinyesi cha popo, vumbi lake ukilivuta linakwenda moja kwa moja mapafuni, na huo hauulizi popo anakula nini. Barakoa, basi. Na usishikeshike ukuta halafu ukala viazi.

Mzaliwa_Suswa
Hapo kwa barakoa nakubali. Mama Pacha, pole sana mama, na yule kijana alikosea kuwasikiliza. Kwetu hapo jioni haingiwi.

Kwa Mluguru: Suswa sisi Wamasai tunauita Oldoinyo Nyukie, mlima mwekundu. Mapango hayakuchimbwa na mtu wala maji. Lava ilikuwa inatiririka, juu ikapoa ikawa gome, ndani ikaendelea kukimbia hadi ikaacha bomba tupu. Kwa hiyo dari ni gome tu, pengine pameanguka, na usipokuwa na mwenyeji unaweza kutembea nyasini ukakuta shimo mbele yako. Kuna kreta ndani ya kreta. Ile ya ndani katikati ina kisiwa cha mwamba kilichozungukwa na korongo lenye magenge, usije ukaambiwa ni kutembea tu. Maji hakuna. Wazee wanakinga mvuke unaotoka ardhini kwa mabomba, matone yanaingia kwenye pipa, ndiyo ya ng'ombe na ya chai. Mgeni abebe yake, si chini ya lita 4. Tochi mbili kila mtu, ya simu usiihesabu.

Wa_Rongai
Lita 4 ni mzigo wa punda. Mbili zinatosha, na chungwa.

Kamba_na_Fimbo
Mara kumi na mbili sasa.

Boda_wa_Naivasha
Mimi naogopa makorongo kuliko mapango. Hell's Gate, hifadhi ya huku kwetu Naivasha, Septemba 2019 maji yalibeba watu 7 mle korongoni. Watu wanadhani mvua lazima iwe juu ya kichwa chako, kumbe inanyesha mbali huko, wewe uko kwenye mchanga mkavu unapiga picha. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilipeleka wageni, tuko chini kabisa pale kuta zinapobanana hadi unazigusa zote mbili kwa mikono. Ukaja upepo wa baridi wenye harufu ya tope. Mzee mmoja mwongozaji hakusema chochote, alimshika mgeni wa kwanza mkono akaanza kupanda. Tulipofika juu tulisikia kishindo, kisha tukaona maji ya rangi ya chai ya maziwa na gogo linapita. Mgeni aliyeacha kofia chini akauliza kama anaweza kurudi kuichukua.

Kiatu_Kimoja
Daah.

Njoki_wa_Limuru
Mungu awarehemu wale. Msimu wa mvua mimi nakaa kwangu.

Lakini Mama Pacha hajatumalizia. Ulimrudishia pete?

Chuga_Boy
Nami nimekaa hapa tangu saa kumi nasubiri hilo.

Mtetezi_wa_Haki
Hayo ni mambo ya watu binafsi.

Kamba_na_Fimbo
Tulia, shemeji.

Njoki_wa_Limuru
Ngojeni kwanza. Jina lako ni Mama Pacha. Hao pacha ni wa nani?

Mama_Pacha
Wake. Wana miaka sita. Juzi nikamwambia twende na watoto hata Ngong tu, kuna upepo mzuri, akanijibu gari halina mafuta. Nikaenda kuangalia. Tangi limejaa.

Kiatu_Kimoja
😭😭😭

Mluguru_Ugenini
Wakuu nimecheka mpaka ukucha umeuma. Barakoa nimenunua, tochi mbili nimenunua, mapangoni tutaingia asubuhi, na atakayejitolea kukaa nyuma nitamkagua begi. Ila swali langu la kwanza hakuna aliyejibu. Viatu gani?

Wa_Rongai
Raba yoyote yenye meno. Usipoteze hela.

Kamba_na_Fimbo
Buti la kufunika kifundo. Asikudanganye.

Njoki_wa_Limuru
Kule mlima wa Elephant Hill, Njabini, sisi huvaa gambuti, matope ya msitu wa mianzi ni hadi magotini. Lakini Suswa utachekwa.

Kiatu_Kimoja
Nina buti namba 42, la kulia tu, zima kabisa. Njoo inboksi.

Mluguru_Ugenini
Navaa 44.