Ubuntu 22.04: laptopu yenye Intel na NVIDIA haioni monita ya nje, msaada wakuu

msaka_pikseli
Habari wakuu. Laptopu ina Core i5 ya kizazi cha 9 na GTX 1650 ya NVIDIA, Ubuntu 22.04. Kioo chake kinawaka, ila kwenye mipangilio naona resolusheni moja tu, vitufe vya mwanga havifanyi kazi na monita ya HDMI haionekani kabisa. Video inakwamakwama, feni inanguruma muda wote. Nianzie wapi?

fundi_kerneli
Mkuu, usiguse kitu bado. Bandika hapa majibu ya hizi:

`lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D'`
`cat /proc/cmdline`
`mokutil --sb-state`

msaka_pikseli
Intel na NVIDIA zote hazina mstari wa "Kernel driver in use". Cmdline (maagizo ambayo kerneli, kiini cha mfumo, hupewa wakati wa kuwaka) inaishia na `quiet splash nomodeset`. Ya mwisho inasema SecureBoot enabled.

fundi_kerneli
Basi mchawi ni `nomodeset`, agizo linalozuia draiva za michoro kuwaka. Watu huiweka wakati wa kusakinisha ili kioo kisibaki cheusi, halafu inasahaulika humo. Ikiwepo, i915, draiva ya Intel, haipandi, na michoro yote inabebwa na prosesa. Feni lazima ilie.

Ila usiiondoe kwanza. Ukiiondoa bila draiva ya NVIDIA, nouveau, draiva huria inayokuja na Linux, ndiyo itakayoishika GTX, na kwenye baadhi ya laptopu za namna hiyo mashine huganda kabla hujafika kwenye logini. Anza hivi:

`sudo apt update`
`sudo ubuntu-drivers install`

Kisha fungua `/etc/default/grub`, kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT bakiza "quiet splash" tu, hifadhi, piga `sudo update-grub`, ndipo uwashe upya.

kijana_wa_run
Mbona mzunguko mrefu? Pakua faili la .run kwenye tovuti ya NVIDIA, endesha, kisha `sudo nvidia-xconfig`. Kwisha.

mama_apt
Hapana ndugu, usimwingize mwenzio shimoni. Draiva ya .run haisimamiwi na apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu. Kerneli ikisasishwa, moduli (sehemu ya draiva inayoingia ndani ya kerneli) isipojengwa upya anaamkia kioo cheusi. Na hiyo nvidia-xconfig ndiyo mbaya zaidi: inaandika xorg.conf, faili la mipangilio ya Xorg (mfumo unaochora dawati), linaloelekeza kila kitu NVIDIA, wakati kioo cha laptopu kwa kawaida kimeungwa kwenye Intel. Aliyekwisha kunaswa abonyeze Ctrl+Alt+F3, aingie, apige `sudo mv /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf.bak`, awashe upya.

Mleta uzi, kwa kuwa Secure Boot (kinga inayokataa moduli zisizosainiwa) imewashwa, angalia hili. Apt ikikuomba nywila wakati wa kusakinisha (herufi 8 hadi 16), ikumbuke. Ukiwasha upya kinatokea kioo cha bluu: chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo uliosaini moduli), Continue, Yes, weka ile nywila. Kinasubiri sekunde chache tu kisha kinapita, na kibodi hapo ni ya mpangilio wa Marekani, kwa hiyo alama za ajabu ziache. Kikikupita, `sudo modprobe nvidia` itajibu "Key was rejected by service". Rudia kwa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`. Usipoombwa nywila usihangaike, kwa kawaida umepata moduli iliyokwisha kusainiwa na Canonical.

msaka_pikseli
Asanteni sana. Mwanga umerudi, feni kimya. Monita bado.

fundi_kerneli
Piga `prime-select query`, itakuonyesha chipu ipi ya michoro imechaguliwa. Ikisema intel, umepata jibu: kwenye laptopu nyingi za GTX tundu la HDMI limeungwa kwenye chipu ya NVIDIA, na hali hiyo inaizima. Weka `sudo prime-select on-demand`, washa upya. Intel itaendelea kuchora dawati, NVIDIA itaamka inapohitajika. Hali ya `nvidia` nayo inawezekana, ila betri italiwa haraka.

Kisha `xrandr`. Jina la tundu huwa kama HDMI-1-0, tumia utakaloliona (eDP-1 ni kioo cha laptopu):

`xrandr --output HDMI-1-0 --mode 1920x1080 --rate 60 --right-of eDP-1`

msaka_pikseli
Ilikuwa intel kweli. Sasa inaonekana, ila inaishia 1024x768. Monita ni ya 1920x1080, nimepitisha kwenye adapta ya HDMI kwenda VGA.

mama_apt
Hapo draiva haina kosa. Monita hujitambulisha kwa data iitwayo EDID, na adapta au kebo ya VGA isiyopitisha waya zake inaificha, hivyo mfumo unabahatisha resolusheni ya chini. Hakikisha:

`cat /sys/class/drm/card*-HDMI*/edid | wc -c`

Ikitoa 0, hakuna kinachosomeka. Kawaida ni 128 au 256. Utakutana na ushauri wa `cvt` na `xrandr --newmode`. Kwenye tundu la Intel unafaa, lakini draiva ya NVIDIA kwa kawaida huzikataa resolusheni za kuongezwa namna hiyo. Kama monita ina HDMI au DVI, achana na VGA kabisa. Kebo ya HDMI kwenda DVI haihitaji umeme wala chipu.

fundi_kerneli
Na maandishi yakiwa madogo kwenye kioo cha laptopu, usikimbilie asilimia 125 ukiwa Xorg. Inachora picha kubwa kisha inaibana, chipu inachoka bure. Kuza herufi tu: `gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.15`.