Naomba msaada: folda ya seva inanikubali mie, wenzangu inawakataa

Mchanga_Chake: Asalaam alaykum ndugu zangu. Ofisini tuna seva ya Samba (programu ya kushirikiana mafaili kwa mtandao), mashine zote Ubuntu, yaani Linux. Mie nikimaunti folda (kuiunganisha na mashine yangu) kwa sudo, yaani kwa ruhusa ya msimamizi, inakubali. Wenzangu wanaambiwa ni root tu, yaani msimamizi wa mashine. Nikiwamauntia, wanasoma lakini hawaandiki. Naogopa kuwapa wote sudo. Nifanyeje?

FundiDarajani: Wa alaykum salaam. Sudo usiwape. Andika mstari kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya vya kumaunti, folda ijimaunti mashine ikiwaka. Weka gid= (namba ya kundi) ya kundi lao, file_mode=0660, dir_mode=0770, ili kundi lisome na kuandika. Ongeza nofail, seva ikichelewa mashine isikwame. Na chown, amri ya kubadili mwenye faili, usihangaike nayo, haitokusaidia hapo.

Mzee_Wesha: Sie Pemba kabla ya kebo ya umeme kutoka Tanga mwaka 2010 tulitegemea majenereta ya Wesha. Mashine inazimika katikati ya kazi, faili limeharibika, tunarudi kwenye daftari. Shukuruni wanangu.

BintiMkoani: Kaka, unaingia seva kwa akaunti ya nani? Na nywila iko wapi?

Mchanga_Chake: Hilo halina shida dada. Shida ni kuandika.

BintiMkoani: Nijibu kwanza.

Mchanga_Chake: Ya mkuu wetu. Alinipa nywila nimtengenezee printa. Imo kwenye fstab, lakini wenzangu hata hawaijui fstab ni kitu gani. Na kazi lazima iende.

Abuu_Wete: Nywila ya mtu ni amana. Muogope Mungu.

KaskaziHalisi: Uzi wa kutunga huu. Mkuu gani hawezi kuandika kwenye folda yake mwenyewe?

FundiDarajani: Yawezekana kabisa. Usipoweka uid (namba ya mtumiaji) wala gid, faili zote za folda hiyo kwenye mashine zinahesabiwa za root. Seva imeshakubali, Ubuntu ndiyo inayokataa. Ila kijana, nisikilize: fstab inasomwa na kila mtumiaji wa mashine hiyo. Na ukishaweka gid, kila watakachoandika au kufuta, seva itasema kafanya mkuu.

BintiMkoani: Fungua akaunti za wenzako kwenye seva kwa smbpasswd -a, amri ya kuongeza mtumiaji wa Samba. Nywila zikae faili la pembeni, chmod 600 (asome mwenye faili tu), fstab ielekezwe huko kwa credentials=. Gid usiiguse kabla ya hapo.

Mchanga_Chake: Nimeshaiweka tangu jibu la kwanza. Wanaandika, wamefurahi. Akaunti nitafungua mkuu akirudi kutoka Unguja.

BintiMkoani: Toa mstari huo sasa hivi, kisha mpigie simu abadilishe nywila.