Trela ya muvi yangu ya kutisha haitishi, naombeni ushauri

Mwana_Pangani:
Habari za jioni wakuu. Nimemaliza kushuti muvi fupi ya dakika 22, tumeishutia nyumbani kwa bibi huku Pangani, kisa chenyewe ni kila usiku saa nane bibi anasikia mtu anatwanga jikoni, akienda na kibatari anakuta kinu kimefunikwa vilevile alivyokiacha. Sasa wiki ya pili hii naediti trela ya dakika moja na nusu na kila ninayemuonyesha anasema "nzuri" halafu anarudi kwenye simu yake. Mdogo wangu ana miaka tisa, chooni usiku haendi peke yake, ila trela kaiangalia mpaka mwisho huku anatafuna muhogo. Na nimeweka kila kitu, muziki mzito tangu sekunde ya kwanza, radi, mtu anapiga kelele, sura ya mzuka inatokea mara nne. Inaniuma kwa sababu muvi yenyewe inatisha kweli. Nakosea wapi?

kibatari77:
Mzuka mara nne mkuu? Ukishamuona mara ya kwanza, zile tatu unamzoea tu. Katafute trela fupi ya The Shining ya 1980, ni shoti moja tu, kamera imetulia tuli inatazama milango ya lifti iliyofungwa, majina yanapanda taratibu, muziki unazidi kukwaruza, halafu damu inaanza kumwagika pembeni ya mlango mpaka inafunika lenzi. Hakuna mtu, hakuna neno hata moja. Kazi yote imefanywa na ule mlango, unautazama unajua utafunguka ila hujui saa ngapi. Wewe una kinu kilichofunikwa halafu unatuletea radi!

Fundi_Sauti:
Naongezea upande wangu maana hii ndiyo kazi yangu. Muziki ukiwa juu tangu mwanzo sikio linachoka, ukija kupiga lile pigo kubwa halina pa kupanda. Sikiliza trela ya 28 Years Later iliyotoka Desemba 2024, wamechukua rekodi ya mwaka 1915, mwigizaji Taylor Holmes anakariri shairi la Kipling kuhusu askari wanaotembea bila kupumzika, anaanza ametulia na mwishoni anapayuka kama mtu aliyerukwa na akili, na mapigo ya hatua yanakwenda palepale. Ule mdundo unakukaba kwa sababu haukuachii.

Sasa wewe mdundo unao, ni mchi. Toa muziki wote. Acha atwange, tu, tu, tu, mpaka mtazamaji aanze kuhesabu kichwani bila kujua, halafu ruka pigo moja. Moja tu. Picha ibaki kwenye kinu.

Jingine, watu wataangalia kwenye simu na spika ya simu haitoi besi ya chini, kwa hiyo yale mabomu uliyodaunlodi ukivaa hedifoni unayasikia ila kwao ni kama hayapo. Karekodi mchi wenyewe kwa karibu, ule mkwaruzo wa mti kwa mti. Na ukitaka kimya usikate sauti kabisa, watu watadhani bando limeisha. Rekodi dakika moja ya jiko tupu usiku, nyenje na upepo wa makuti, hiyo ndiyo uiweke kama kimya.

MamaNasra:
Mimi mambo ya kuediti siyajui, ni mtazamaji tu, ila ninachoogopa mimi ni uso wa mtu anayesikiliza. Tuonyeshe bibi yuko kitandani, macho yamefunguka, hageuki. Na kibatari kisimulike jiko zima, ile pembe isiyofikiwa na mwanga iacheni, mimi mwenyewe nitaweka mtu pale.

Jicho_la_Tatu:
Napingana kidogo, bila kumshtua mtu hata mara moja trela haisambai, mwanangu weka mzuka mmoja mwishoni.

kibatari77:
Mzuka ni wa kwenye muvi, kaka. Akishauona bure, muvi anaifuata ya nini?

Mwana_Pangani:
Nimerudi wakuu. Jana usiku nimelala kwa bibi nikarekodi jiko, na mchi nimeurekodi upya, simu nimeiegesha kwenye ukingo wa kinu kabisa. Trela sasa ni sekunde 50, shoti tatu tu, uso wa bibi, kibatari kinapita ukumbini, kinu. Pigo la saba nimeliruka. Nikamuita mdogo wangu bila kumwambia kitu, akaangalia, palepale pa pigo la saba akaacha kutafuna akaniuliza, "mbona ameacha?"

Sasa nimekwama kwenye jina la muvi, niliweke na sauti gani?

Fundi_Sauti:
Bila sauti yoyote, nyenje tu. Likishapotea na skrini ikawa nyeusi, hesabu sekunde mbili, halafu mrudishie lile pigo la saba.