Katuni za mashujaa kwa likizo ya Juni: Batman, X-Men au Spider-Verse?

Mjomba_Uyole: Wakuu, poleni na baridi. Dada yangu kanishushia wapwa watatu kutoka Dar, wa miaka 6, 10 na 14. Mbeya ya Juni mnaijua, saa kumi na mbili jioni wameshajifunga blanketi, nje hawatoki. Wanataka katuni za mashujaa. Bando langu linatosha kupakua kitu kimoja cha maana. Nimebaki na tatu: Batman ile ya 1992, X-Men ya mwaka huohuo, na Spider-Man: Into the Spider-Verse. Mdogo Kiingereza hajui kabisa. Mnanishauri ipi?

Kihesa_Juu: Kamwene mkuu. Batman, wala usihangaike. Wachoraji wake walipaka mandhari juu ya karatasi nyeusi, ndiyo maana ule mji una giza hata saa sita mchana. Batman ni sauti ya marehemu Kevin Conroy, aliyefariki 2022, na Joker, adui wake mkubwa, ni Mark Hamill, yuleyule Luke wa Star Wars. Halafu Harley Quinn, mwenzake Joker, kazaliwa humohumo kwenye katuni, vitabu vya Batman vya picha vikamchukua baadaye. Episodi moja ni kama dakika 22, umeme ukikatika hasara ndogo.

Baridi_Njombe: Wa miaka 6 atasinzia kabla Batman hajatoka pangoni. Maneno mengi mno yale! Weka Spider-Verse. Angalia wanavyokimbia msituni: Peter Parker, Spider-Man mzoefu, kachorwa picha 24 kwa sekunde, anateleza kama maji. Miles, Spider-Man dogo mgeni wa kazi, kapewa 12, kwa hiyo anakatakata, anajikwaa kwenye hewa. Hakuna anayemwambia mtoto kuwa dogo bado anajifunza, anajionea mwenyewe. Na ukurasa wa kitabu cha katuni umo ndani ya picha, vidoto vya wino, maandishi ya kelele, visanduku vya mawazo. Oscar ya 2019 haikupewa bure.

Mama_Mafinga: Jamani X-Men mnaipita kama mtu asiye na kwao. Storm mnamsahau? Kwenye vitabu mama yake ni Mkenya, na binti anaita mvua na radi kwa kunyanyua mkono. Mpwa wako wa kike, kama yupo, atampenda huyo. Ila nitasema ukweli, zipo episodi 76 na visa vingi vinaungana, ukipakua nusu umewachokoza tu. Na wakizoea watadai X-Men '97 ya 2024, maana inaendelea palepale ile ya zamani ilipoishia.

Fundi_Mwanjelwa: Lolote utakalochagua, chagua mwenyewe. Mimi nilimpa jamaa mmoja wa laibrari ya muvi flashi, nikamwambia "nijazie katuni za mashujaa", akaniwekea Invincible. Inaanza kistaarabu kabisa, baba shujaa, mwana anasubiri nguvu zake. Dakika za mwisho za episodi ya kwanza ni damu ukutani. Mwanangu wa miaka 8 alilala chumbani kwetu siku tatu. Mimi mwenyewe nimeimaliza na naisubiri inayofuata, lakini ile ni ya wakubwa, katuni au si katuni.

Kihesa_Juu: Sawa, ila Spider-Verse haifiki hata saa mbili. Kesho yake wataangalia nini?

Baridi_Njombe: Ileile. Wewe hujalea. Mtoto wa miaka 6 anarudia muvi moja mpaka wewe jikoni unaijua kwa sauti.

Mama_Mafinga: Hapo kwa Njombe nakubali 😂 Storm atasubiri Desemba.

Mjomba_Uyole: Ndaga fijo wote. Nilivizia bando la usiku, nikapakua Spider-Verse. Mdogo hakuuliza neno hata moja likimaanisha nini, na pale msituni kacheka mpaka uji ukamwagikia blanketi (la kwangu, bila shaka). Leo asubuhi wameiwasha tena, ni mara ya tatu. Tatizo ni huyu wa miaka 14, kasoma majibu yenu begani kwangu, sasa anadai Batman ya karatasi nyeusi. Kihesa_Juu, kama unayo kwenye DVD, niazime. Ikabidhi kwa konda wa basi la kuja Mbeya, nauli ya mzigo nalipa mimi.

Kihesa_Juu: Ninayo, ila diski ya pili inagandaganda. Inaondoka kesho alfajiri.