Bolti ndefu ya injini imeng'ang'ania kwenye fremu: nyundo, moto au msumeno?

Spana17 (mwenye mada)

Wadau, ninashusha injini ya pikipiki yangu ili nibadilishe beringi za krenki, na kazi yote imesimama kwa sababu ya bolti moja. Ni ile ndefu ya nyuma, chini, yenye unene wa milimita 12, inayoingia kwenye sikio la fremu upande mmoja, ikavuka kasha lote la injini na kutokea upande wa pili. Nati yake imefunguka bila shida na bolti nyingine nimezichomoa kwa vidole, lakini hii haitikisiki. Nimeinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwa siku tatu na kuigonga kwa nyundo ya kilo 1, na kilichobadilika ni ncha yake tu, ambayo imeanza kutanuka kama uyoga. Ninaziona njia tatu: nyundo nzito zaidi, moto, au kuikata kwa msumeno katikati ya fremu na injini. Naomba mnilinganishie, mkijua kwamba fremu ninaihitaji na kasha ninalihitaji. Bolti yenyewe siihitaji tena.

MkonoMweusi

Nyundo uiweke chini kwanza, na ile ncha uipige tupa mpaka irudie unene wake, kwa sababu ilivyo sasa haiwezi kupita kwenye tundu la fremu hata kama kutu yote ingeyeyuka leo. Swali ambalo hujalijibu ni hili: je, bolti inazunguka? Bolti ya namna hii huondoka kwa kuzungushwa kabla ya kusukumwa. Chora mstari wa rangi nyeupe kwenye kichwa na mwingine kwenye ncha, vikae sambamba, kisha vaa soketi ya pembe sita (ile ya pembe kumi na mbili itakula kichwa) na ujaribu kuzungusha kidogo mbele na kidogo nyuma. Ikiwa mstari wa kichwa unasogea na wa ncha umetulia, bolti inajisokota ndani, na ukiendelea kulazimisha utabaki na kichwa mkononi.

Jambo la pili ni uzito wa injini. Weka jeki chini yake, juu ya kipande cha mbao, kisha rudisha zile bolti nyingine kwenye matundu yao bila nati. Pandisha na kushusha jeki taratibu mpaka ziingie na kutoka kwa kidole. Hapo ndipo utajua kwamba injini haijailalia hiyo iliyokwama.

Moto_Kiasi

Mimi nasimama upande wa moto, ila ni lazima ujue unachokipasha. Kasha ni la alumini na bolti ni ya chuma, na unyevu ukiingia katikati yao alumini huliwa, ikaacha unga mweupe wenye ujazo mkubwa kuliko metali iliyoliwa. Unga huo ndio uliokaza kama kabari. Kwa kila nyuzi 100 za joto, tundu la alumini la milimita 12 hupanuka kwa takriban milimita 0.028, na bolti ya chuma kwa milimita 0.014. Pengo hilo ni dogo mno kwa macho, lakini linatosha mafuta kupenya, na huongezeka ukipasha kasha lenyewe huku bolti ikibaki baridi.

Tumia mashine ya kupuliza hewa ya moto, si mwali, na upashe sikio la kasha mpaka tone la maji lichemke juu yake. Ondoa tangi la petroli na betri kabla ya kuanza. Usipashe mahali palipooshwa kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwa maana mvuke wake ukikutana na joto kali hutoa gesi ya sumu. Na kama sikio lako lina bushi ya mpira, sahau yote niliyoandika, kwani utaiunguza bushi na bolti itabaki palepale.

Chuma_Mbili

Ninatofautiana kidogo kuhusu msumeno, ambao naona umepuuzwa mapema. Ni kweli kwamba ukikata, kipande kirefu kinabaki ndani ya kasha, yaani palepale kilipong'ang'ania, na kukitoboa kwa drili ni balaa kwa sababu biti hukimbilia alumini iliyo laini. Lakini injini iliyokatwa hutoka kwenye fremu, na injini iliyo mezani inaweza kusimamishwa ili bolti iwe wima, ukazungushia mdomo wa tundu ukuta wa udongo wa kufinyangia na kuliacha limejaa mafuta usiku kucha, kisha ukaipeleka kwenye presi. Shida ni nafasi: ikiwa kati ya fremu na kasha haupiti ubao wa msumeno bila kugusa alumini, njia hiyo haipo.

Kabla ya kufika huko kuna kuvuta. Unachomelea fimbo yenye nyuzi kwenye kichwa cha bolti, unaivisha bomba nene linaloegemea fremu, kisha kisahani cha washa na nati, halafu unakaza nati. Nguvu inakuja polepole na haitanui ncha.

Spana17

Nimerudi. Mistari ya rangi ilionyesha kichwa kikisogea kama milimita 3 na ncha ikiwa imetulia, kwa hiyo niliacha kuzungusha mara moja. Nilipasha sikio la upande wa ncha, nikatia mafuta, nikasubiri lipoe, nikarudia. Katika mzunguko wa nne unga wa kijivu ulianza kutoka na mafuta, na mstari wa ncha ukaufuata wa kichwa. Kuanzia hapo ilinichukua saa mbili za kuzungusha huku mwenzangu akisukuma kwa kipande cha shaba. Sehemu iliyoliwa haizidi upana wa vidole viwili. Kwingine kote bolti inang'aa.

Je, ninaweza kuirudisha?

MkonoMweusi

Hapana, mkuu. Imeshasokotwa. Tafuta yenye urefu uleule na namba ileile ya ugumu iliyogongwa kichwani, iwe 8.8 au 10.9. Safisha tundu kwa brashi ya waya ya mviringo, usilipitishie biti. Grisi paka kwenye mwili wa bolti, nyuzi uziache kavu isipokuwa kitabu cha pikipiki yako kimesema vinginevyo, kwa sababu nyuzi zenye grisi hukazwa kupita kiasi kwa nguvu ileile ya spana.